Nilivyomlaani Ndugu Yangu Mbele ya Kamera

Katika maisha yangu ya uigizaji nimefungua malango mengi kuliko Mtakatifu Petro. Ukitazama filamu yoyote ya zamani ya hapa kwetu, ukaona gari jeusi limefika mbele ya jumba na mzee mwembamba mwenye koti kubwa anakimbia kulifungulia, huyo mzee ni mimi, na koti si langu. Nilianza kuwa mzee nikiwa na miaka ishirini na kitu. Mungu alinipa mashavu yaliyobonyea na macho ya mtu aliyekaa sana kwenye moshi, na watu wa filamu wakinitazama tu walisema, "Huyu ni soja wa lango." Waliponipandisha cheo nikawa chifu. Waliponiteremsha nikawa mlevi. Mara kadhaa nimekuwa maiti, na vijana wakiniuliza huwa nawaambia hiyo ndiyo nafasi bora ya zote: hukariri chochote, unalala, na watu wanakulilia vizuri kuliko watakavyokulilia siku yenyewe.

Nayasema haya ili ijulikane ni kipaji cha aina gani ninachokizungumzia. Hata leo watu hunisimamisha mjini Embu.

"Mzee, wewe si yule wa televisheni?"

"Ndiye."

"Yule wa... yule wa..."

"Wa lango."

"Eeh! Wa lango!" Kisha wanaenda zao wameridhika, kama waliookota kitu walichokuwa wamepoteza.

Kuna sehemu moja tu ya filamu moja ambayo watu waliisifu kweli. Ni fupi, ukiinama kufunga kamba za viatu imekupita. Kwa sababu yake niliitwa mwigizaji, na kwa sababu hiyo hiyo ndugu yangu mkubwa, mwana wa mama yangu, alikaa miaka mingi bila kula nami meza moja. Alitaka neno moja kutoka kwangu. Nililikataa kwa kuwa nilijua siku nitakayolitoa, ile sifa itakwenda nalo. Nilikuwa na mizani mkononi, upande mmoja ndugu, upande mwingine sifa ya kuvunja chungu mbele ya kamera, nikachagua chungu.

Nianze na ndugu yangu. Nyumbani kwetu ni kwenye miinuko ya Meru, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Baba alikuwa na wana wawili na uwezo wa kumsomesha mmoja. Ndugu yangu alikuwa na akili kunizidi, lakini mimi nilikuwa dhaifu wa mwili, na baba aliona kwamba mtu asiyeweza kubeba gunia heri apelekwe shule. Basi yeye akaacha masomo, akashika jembe na panga, na mimi nikaenda sekondari nikavaa kaptura za kijivu na kujifunza majina ya mito ya nchi za watu. Siku moja akikata majani ya ng'ombe, panga likamtwaa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa bwenini nikikariri.

Kabla ya kufa, baba aliwaita wazee akampa ndugu yangu shamba la mtoni, lile lenye udongo mweusi, liwe lake juu ya fungu lake. Hakueleza sababu, kwa maana kila mtu aliijua. Mimi pia niliijua. Lakini nilikuwa na cheti cha sekondari, na mtu mwenye cheti hapungukiwi na sababu za kujiona amedhulumiwa. Niliondoka matangani nimekasirika, na nikawa nakasirika polepole, kwa ustadi, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayeweka akiba.

Nilipata kazi ya ukarani Embu, nikapanga chumba mtaa wa Majimbo. Jioni nilikuwa na kikundi cha maigizo. Sikukuu za taifa zilipofika tulipanda hadi uwanja wa Kinoru, Meru, kuwachekesha wakubwa kabla ya hotuba, na baada ya hotuba watu walisema sisi ndio tuliosema jambo la maana. Hapo ndipo mtu mmoja kutoka Nairobi aliniona nikicheza soja, akasema uso wangu haupaswi kupotea bure. Ukaanza kupotea kwa malipo.

Sasa ile filamu. Wageni kutoka ng'ambo walikuja kutengeneza hadithi ya mama mzungu anayeishi katikati ya ukame. Kwanza waliletwa kwetu Meru. Mwongozaji wao, ambaye sote tulimwita Dairekta, alisimama kwenye mteremko akatazama majani ya chai, ukungu, na akina mama waliovaa sweta na magamboti ya mpira. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mkalimani kwamba ni pazuri sana, lakini si Afrika.

Wakateremka hadi Siakago, kwenye joto na vumbi, na huko wakaipata Afrika. Watu wa Siakago walishangaa kuambiwa hivyo. Wao walidhani wanaishi Mbeere. Wenye maduka waliombwa wafunge yasionekane, karani wa mahakama akavuliwa viatu, na wakulima waliokuja na mashati yao ya Jumapili wakapewa ngozi za mbuzi wavae. Mimi nilipewa ngozi mbili kwa kuwa nilikuwa mchawi wa kijiji.

Kazi yangu ilikuwa kumlaani yule mama mzungu. Nilipouliza maneno yangu ni yapi, Dairekta alicheka kwa upole.

"Sema kwa lugha yako," mkalimani akanieleza. "Chochote tu. Anasema cha maana ni hasira. Itoke tumboni."

"Na maana yake?"

"Maana wataandika chini kwa Kiingereza. Wewe toa hasira."

Wakaniletea chungu. Huku kwetu, kuanzia Mbeere hadi Meru, kila mtu aliyelelewa na bibi anajua kwamba ndugu akivunja chungu cha kupikia huku akitamka mabaya juu ya ndugu yake, hilo si neno la kusahaulika asubuhi. Chungu kipya cha sokoni hakina kitu. Ni udongo tu. Lakini Dairekta alitaka kamera ione masizi, kwa hiyo walikwenda nyumba ya jirani wakachukua chungu kilichokuwa motoni wiki hiyo hiyo. Mwenye chungu, mama mmoja wa makamo ambaye naye alikuwa amevikwa ngozi, alinifuata.

"Baba, hiki kimepikia watu. Mnataka kukivunjia nini?"

"Mama, hii ni filamu."

"Sijauliza kama ni filamu. Nimeuliza mnakivunjia nani."

"Hakuna mtu. Ni yule mzungu."

Akamtazama yule mzungu aliyekuwa chini ya mwavuli akipakwa poda. "Huyo hatuli naye chungu kimoja," akasema. "Hakimhusu." Akaenda kusimama mbali na mimi.

Alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu. Nilijaribu kumkasirikia yule mama nikashindwa. Alikuwa amenipa biskuti asubuhi. Mara ya kwanza nilisema maneno ya ovyo, nikahesabu mazao ya sokoni kwa sauti ya ukali, na Dairekta akakunja uso. Akaja mwenyewe akaniwekea mkono begani, akasema kupitia mkalimani: "Fikiria mtu aliyekukosea. Mtu mmoja. Mwone."

Nikamwona. Hakunichukua muda. Walipoita tena, nilifungua mdomo na akiba yangu yote ikatoka, na riba yake. Kwa Kimeru kilichonyooka nikasema: "Wewe mwana wa mama yangu, wewe wa kidole kilichokatwa, uliyekula shamba la mtoni, shamba hilo na likule. Ulime uvune mawe. Ng'ombe wako akauke. Watoto wako wakutazame kama mtu wanayemkuta njiani." Nikakipiga chungu kwenye jiwe.

Wakulima wote walikuwa wamerudi nyuma, kwa maana Kimbeere na Kimeru ni lugha za tumbo moja, nao walikuwa wamesikia vya kutosha. Dairekta alikuwa na machozi. Alinikumbatia akasema mimi ni mwigizaji wa kuzaliwa. Kisha akataka turudie kutoka ubavuni, halafu uso peke yake, halafu kutoka nyuma ya mgongo wa mzungu. Wakatafuta vyungu vingine. Nikarudia kwa moyo, kila mara nikiboresha. Sidhani kuna mtu katika nchi hii aliyewahi kulaaniwa kutoka pande nyingi kama ndugu yangu, siku ambayo yeye mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amekwenda kuniezekea jiko la mama lililokuwa fungu langu.

Filamu ilikwenda ng'ambo na wageni wake. Gazeti moja la huko likaandika kwamba mzee wa kienyeji alikuwa na nguvu ya kutisha. Mkalimani aliniletea kipande chake. Nilikitembeza Embu yote. Kwa sababu ya kipande kile nilipata nafasi zaidi kwenye televisheni, malango makubwa zaidi, na nikaanza kusema kwa sauti nzito maneno kama "sanaa" na "mhusika." Yale niliyoyatamka Siakago nilijiambia yamekwenda na ndege. Ng'ambo nani angejua Kimeru?

Baada ya miaka kadhaa ndugu yangu akauza chai vizuri akanunua televisheni, ya kwanza kwenye mteremko wetu, inayowashwa kwa betri ya gari. Akasikia redioni kwamba Jumapili fulani jioni wataonyesha ile filamu. Akaalika kanisa zima. Alichinja jogoo wawili. Kisha akanitumia ujumbe Embu: njoo, watu wanataka kukuona ukiwa mahali pawili.

Nilikwenda. Nilijua na nilikwenda. Nilijidanganya kwamba wameikata ile sehemu, au sauti itakuwa mbovu, au betri itaisha, kwa sababu betri za gari huisha. Nilikalishwa kwenye kiti kizuri, chenye kitambaa cha kufumwa, ubavuni mwa mchungaji. Ndugu yangu alisimama kwa furaha kando ya televisheni akishika waya wa antena ili picha isitetemeke. Yaani alikuwa amejigeuza sehemu ya mtambo ili mimi nionekane vizuri.

"Nyamazeni!" alisema. "Anakuja! Yule wa ngozi!"

"Ngozi mbili," mtu akasema. "Amepanda cheo."

Watu wakacheka. Nikasema labda tupumzike kidogo tule kwanza. Wakaniambia nyamaza, unajiziba mwenyewe.

Sauti haikuwa mbovu. Nadhani haijawahi kuwako sauti safi kama ile katika historia ya televisheni ya nchi hii. Niliposema "wa kidole kilichokatwa," kila jicho ndani ya chumba lilihama kutoka kwenye kioo likaenda kwenye mkono ulioshika antena. Mwalimu wa shule ya Jumapili, mama aliyependa kusoma kila kitu kwa sauti, alikuwa ameanza kusoma yale maandishi ya chini: "Anasema, mvua haitanyesha mpaka mwanamke huyu mweupe aondoke katika nchi ya..." Akaishia hapo. Ndani ya chumba kile ni yeye peke yake aliyehitaji kusoma ili asijue nilichosema.

Ndugu yangu hakuachia antena. Alishika mpaka ile sehemu ikaisha, mpaka chungu kikavunjika. Kisha akazima, akasema, "Chakula kiko tayari."

Nilimfuata nje kwenye zizi.

"Ulimaanisha?" akaniuliza. Hakuwa na ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama kumenyesha huko utokako.

"Ni kuigiza," nikamjibu. "Waliniambia nitoe hasira. Ni kazi. Wewe huelewi mambo ya sanaa."

Hiyo ya mwisho niliiongeza ili ijulikane nani alikwenda sekondari.

Wazee waliketi juu ya jambo hilo, kwa maana watu wengi walikuwa wamesikia na hawakujua waliweke wapi. Kesi ya namna hiyo hawakuwahi kuiona. Tuliketi kwenye nyasi, na aliyekuwa akiuliza alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, mtu wa mizaha.

"Ulipokuwa soja kwenye televisheni, ulilinda kitu?"

"Hapana, mzee. Nyuma ya lango hakukuwa na nyumba."

"Ulipokuwa maiti, ulikufa?"

"Kama unionavyo."

"Na ulipokuwa mlevi?"

"Ilikuwa chai ya rangi." Kisha, kwa kuwa rafiki yangu mmoja alikuwapo akikohoa, nikasema, "Siku moja ilikuwa pombe."

"Ukalewa?"

"Nikalewa."

Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mzee wa kofia akasubiri. "Basi kuna vinavyofanyika kwa mchezo na vinavyofanyika kabisa. Chungu kilivunjika kwa mchezo?"

"Kilivunjika."

"Kilikuwa kimepikia?"

Nikaanza kung'oa nyasi. Wakanong'onezana, kisha wakatoa uamuzi mzuri ambao mahakama yoyote ingeuonea wivu. Walisema neno kama hilo lina nguvu tu kama moyo ulikuwamo, na moyo wangu haumo mikononi mwao. Nikisema nilimaanisha, nitaleta kondoo, maneno yatarudishwa, na sote tutakuwa nyumbani kabla ng'ombe hawajakamwa. Nikisema sikumaanisha, kondoo hahitajiki, na ndugu yangu ni lazima alimeze. Wakanifungulia lango mbele ya macho yangu, mimi bingwa wa malango.

Ndugu yangu akaomba kusema kabla sijajibu.

"Mimi nimemtazama huyu miaka yote," akasema. "Nimemwona akiwa soja. Nimemwona akiwa chifu. Kila mara namwona ndugu yangu amevaa koti la mtu. Hajawahi kunidanganya hata kidogo. Huyu hajui kuigiza." Akageuka kwangu. "Lakini siku ile nilikuamini. Kwa hiyo niambie tu."

Kama angenitukana ningemjibu vizuri. Lakini alikuwa ameweka kidole chake, mojawapo ya vile tisa, pale pale palipouma. Nilikuwa na kipande cha gazeti mfukoni mwa shati. Nikasema, "Mimi ni mwigizaji. Niliigiza." Baraza likafungwa. Kondoo akaponea.

Miaka iliyofuata ilinitendea vizuri, kwa jinsi miaka inavyowatendea wajinga. Kila ukame ulipoingia kwenye habari, televisheni iliirudia ile filamu, na kule kwetu watu walinisikia upya nikimlaani ndugu yangu. Ng'ombe wake mmoja alipokufa watu walitikisa vichwa. Mtoto wake mmoja alipohamia Mombasa akaacha kuandika, walitikisa tena. Yeye hakusema lolote. Tulipokutana kwenye mazishi alinisalimu kwa mkono, akaenda kula kwenye meza nyingine. Nilipomfanyia binti yangu sherehe, alituma mbuzi na hakuja.

"Baba Watoto," mke wangu aliniambia siku hiyo, "nenda ukamwambie."

"Nimwambie nini? Nilishasema niliigiza."

"Mimi nimeishi na wewe. Umewahi kuigiza nini katika nyumba hii? Hata kufurahia wageni wangu hujaweza kuigiza."

Nilimwambia ananikosea heshima. Nilikuwa nishazoea kueleza, kwa yeyote aliyeniuliza na wengine wasioniuliza, jinsi nilivyoitengeneza ile sehemu: nilivyomsoma mhusika, nilivyopumua, nilivyoitafuta hasira isiyo yangu. Nililisema hilo mara nyingi hata nikaanza kuona ni somo lenye faida.

Juzi juzi, mimi nikiwa mzee hasa bila kupakwa poda, vijana fulani wa filamu wa Embu waliamua kuniheshimu. Walikodi ukumbi, wakanivika shada la maua ya plastiki, wakanipa saa ya ukutani na blanketi. Kisha wakazima taa wakaonyesha ile sehemu kwenye ukuta, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona. Nikajitazama nikiwa kijana, mishipa ya shingo imetoka. Taa zikawaka, wakaniomba nieleze nilivyofanya. Nikaeleza mhusika, pumzi, na hasira isiyo yangu.

Mwishoni msichana mmoja akasimama. Alikuwa Mmeru, nilimtambua kwa jinsi alivyoikanyaga r.

"Mzee, mimi naelewa ulichosema pale. Maandishi hayasemi hivyo. Huyo wa kidole kilichokatwa ni nani?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujibu. Nikatabasamu.

"Ni mhusika niliyembuni," nikasema.

Wakapiga makofi. Wengine wakasimama. Msichana naye akapiga makofi, akaketi, akaandika kitu. Na mimi nikiwa nimeshika blanketi langu kifuani nikawa nafikiri kwamba mtu aliyeacha shule kwa ajili yangu, aliyekatwa kidole nikiwa nakariri mito, nimemfuta mbele ya ukumbi mzima, nao wananipigia makofi. Laana hata ilikuwa na adabu zaidi. Ile angalau ilikubali kwamba yupo.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachagua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amezeeka kwelikweli, na nilikuwa nimesikia kwamba masikio yake yamekwisha. Sikuwa nimelifikiria hilo njiani. Njiani nilikuwa nimejipangia kumnong'oneza.

Nikasalimu, nikainama. "Nilimaanisha," nikasema.

Akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Nilimaanisha!"

"Sema tena."

Ng'ambo ya bonde akina mama walikuwa wakichuma chai. Nina sauti iliyofunzwa kwenye viwanja visivyo na vipaza sauti. Nikavuta pumzi.

"NILIMAANISHA! SIKU ILE YA CHUNGU! NILIMAANISHA!"

Vikapu vikasimama bondeni. Mtu mmoja huko chini akapiga ukelele wa kuuliza kuna nini. Mke wa ndugu yangu akatoka jikoni akifuta mikono kwenye leso.

"Shemeji, mbona unapiga kelele hivyo?"

"Nilidhani hasikii."

"Huyu? Husikia ndama akikohoa usiku. Amekusikia tangu ya kwanza."

Ndugu yangu alikuwa ameinamia maharagwe yake. Akatoa moja bovu akalitupa.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Hata ya watoto?"

Hapo ndipo nilipotaka kurudi Embu. "Hata ya watoto. Na nilijua lile shamba ni la nini. Ni la shule yangu. Nilijua hata wakati nikisema."

Akaweka ungo chini. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Mimi nilikuwa nimeanza kujiona mwendawazimu. Kila mtu aliniambia ni mchezo. Mchungaji aliniambia. Watoto waliniambia. Huyu," akamwonyesha mkewe kwa kidevu, "aliniambia mara ngapi. Wote walisikia ulivyosema, lakini ni mimi peke yangu niliyesikia ni wewe. Nikawa najiuliza, kwani mimi simjui ndugu yangu? Nilimbeba mgongoni. Sijui sauti yake akikasirika?"

"Uliijua," nikasema.

"Basi."

Aliniambia kondoo nitanunua mimi, na asiwe mwembamba kama mimi. Wazee waliokuwa wamebaki walikuja Jumamosi, mzee wa kofia ya sufu hakuwa miongoni mwao tena. Tukafanya yaliyotakiwa, badala ya pombe ya asali tukatumia soda, kwa sababu ya mchungaji, aliyekuja kuhakikisha hatufanyi ya kipagani akabaki kwa ajili ya nyama. Nikayarudisha maneno yangu moja moja, polepole, bila mapambo. Ndugu yangu alichukua funda la soda, akaninyunyizia kifuani kama baba alivyokuwa akifanya akitubariki, shati langu jeupe likaingia doa la chungwa. Tukala kwenye ungo mmoja.

Sasa mimi huenda kwake mara kwa mara. Tunakaa nje, tunazungumza habari za ng'ombe, mambo ambayo siyajui kabisa na yeye anafurahi kunionyesha kwamba sijui. Wageni wakija hunitambulisha.

"Huyu ni mdogo wangu," huwaambia. "Alikuwa kwenye televisheni miaka mingi."

"Alikuwa mwigizaji?"

"Hapana," husema, akinisogezea chai. "Alikuwa kwenye televisheni tu."

Nami huipokea chai.